Springi, shokapu na sanduku la mzigo: kuiboresha pikipiki ya kazi mjini Dubai

Katika mtaa wa Jumeirah Lake Towers, kusini-magharibi mwa jiji la Dubai, pikipiki za kupeleka chakula na vifurushi hupita mchana na usiku, kila moja ikiwa na sanduku kubwa nyuma ya kiti. Miongoni mwa wanaoziendesha wamo vijana kutoka Uganda, Kenya na nchi nyingine za Afrika Mashariki, ambao baadhi yao waliijua pikipiki kwanza katika kazi ya bodaboda.

Mwendeshaji anapopata fedha kidogo za kuiboresha pikipiki yake, macho huelekea haraka kwenye vitu vinavyoonekana: tairi pana, taa kali, ekzosi yenye mlio. Lakini pikipiki iliyotoka kiwandani ikiwa imepangiwa mtu mmoja wa uzito wa wastani, kisha ikafungwa sanduku, haiwezi kwenda vizuri kabla ya springi zake kurekebishwa zilingane na mzigo huo. Marekebisho hayo hayahitaji kipuri chochote. Yanahitaji spana moja, utepe wa kupimia, msaidizi na muda wa nusu saa.

Mtaa wa minara

Jumeirah Lake Towers, au JLT kama wakazi wanavyopaita, umejengwa kando ya maziwa ya kuchimbwa, ukitazamana na Dubai Marina ng'ambo ya barabara ya Sheikh Zayed. Eneo hilo lipo chini ya mamlaka ya DMCC, iliyoanzishwa mwaka 2002 kusimamia biashara ya dhahabu, almasi na bidhaa nyingine, ikiwamo chai, na chai ya Kenya ni miongoni mwa zinazopitia huko. Minara yake imepangwa mitatu mitatu, na kila fungu limepewa herufi, kuanzia A hadi Z. Chini ya minara hiyo kuna mikahawa mingi, na hiyo ndiyo inayowavuta wapeleka chakula.

Kwa shokapu za pikipiki, hapo ni mahali pa barabara mbili zisizofanana. Ndani ya mtaa kuna kona, matuta ya kupunguza mwendo na mitelemko ya kuingilia maegesho. Nje yake, mita chache tu, kuna barabara kuu yenye njia nyingi, malori, na upepo unaokuja ubavuni. Pikipiki iliyolegea nyuma huugonga mwisho wa springi kwenye matuta, kisha huyumba usukani inapofika kwenye barabara kuu.

Neno nyumbani nalo lina maana yake huko. Anayeishi ghorofani au katika chumba cha kushirikiana hana uwanja wa kumwagia mafuta wala mwembe wa kufungia mnyororo. Ana pembe ya maegesho, ambayo ni ya watu wote, na ni busara kuomba ruhusa ya wasimamizi wa jengo kabla ya kuifanya kuwa gereji. Kwa sababu hiyo ni vyema kutenganisha kazi mbili: ile ya kupima na kuzungusha, ambayo inaweza kufanyika mahali popote penye sakafu tambarare, na ile ya kufungua na kumwaga oili, ambayo inafaa kupelekwa kwa mafundi wa maeneo ya gereji kama Al Quoz na Ras Al Khor.

Sanduku linavyoibadili pikipiki

Sanduku la chakula halikai katikati ya pikipiki. Hukaa juu ya keria, na sehemu kubwa ya uzito wake huwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Hapo linafanya kazi kama mtu aliyekaa upande mmoja wa pembea.

Chukuliwe mfano wa pikipiki ambayo ekseli zake mbili ziko umbali wa sentimita 130, ikiwa na sanduku na mzigo wa jumla ya kilo 20, na kitovu cha uzito huo kiwe sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la nyuma halitaongezewa kilo 20 pekee. Litaongezewa karibu kilo 25, kwa sababu gurudumu la mbele litapunguziwa karibu kilo 5. Kilo 5 zinaonekana ni kidogo. Hata hivyo, zinaondoka mahali ambapo usukani na breki ya mbele vinazihitaji, na kadiri sanduku linavyosogezwa nyuma ndivyo zinavyoongezeka.

Matokeo yake yanaweza kuonekana kwa macho. Sehemu ya nyuma hushuka, ya mbele huinuka, usukani huwa mwepesi na mzito wa kuitikia kona, na taa ya mbele huanza kumulika vioo vya magari badala ya barabara. Shokapu za nyuma, zikiwa tayari zimebonyea nusu ya safari yake, hazina nafasi ya kutosha kupokea tuta.

Ndiyo maana uboreshaji wa kwanza kabisa ni wa mahali pa sanduku. Likisogezwa mbele kwa sentimita chache, likashushwa chini kadiri keria inavyoruhusu, na vitu vizito vikapangwa upande wa kiti, mwendeshaji huwa amepata faida ambayo springi ya bei kubwa isingempa.

Kidato na maana yake

Pikipiki nyingi za kazi za cc 100 hadi 150 zinazotengenezwa India huwa na shokapu mbili nyuma, moja kila upande, na sehemu ya chini au ya juu ya springi hukaa juu ya pete yenye vidato. Mara nyingi vidato hivyo ni vitano. Pete huzungushwa kwa spana yenye ndoano, ambayo huja na vifaa vya pikipiki mpya na ambayo, kwa kawaida, ndiyo ya kwanza kupotea. Baadhi ya pikipiki zina shokapu moja katikati; utaratibu wa kupima ni uleule, ingawa kuifikia pete ni kazi ngumu zaidi.

Wengi huamini kwamba kupandisha kidato kunaifanya springi kuwa ngumu. Sivyo. Springi inayohitaji kilo 2 ili ibonyee milimita moja itaendelea kuhitaji kilo 2 hata pete ikifika kidato cha mwisho. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia: springi hubanwa mapema, hivyo pikipiki hukaa juu zaidi chini ya mzigo uleule, na safari ya shokapu iliyobaki kwa ajili ya matuta huwa ndefu. Tofauti hiyo ni muhimu, kwani anayetafuta ulaini kwa kushusha vidato huku amebeba mzigo hupata kinyume chake. Shokapu hufika mwisho, chuma hugonga chuma, na mgongo wa mwendeshaji ndio unaolipa.

Namna ya kupima

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa, kwani bomba la ekzosi liko karibu na mkono unaoshika spana. Upepo wa tairi hupimwa kwanza. Baada ya hapo pikipiki husimamishwa kwa stendi kubwa, ile ya miguu miwili, mpaka gurudumu la nyuma lining'inie bila kugusa sakafu. Alama ndogo huwekwa kwa utepe wa gundi kwenye ubavu wa pikipiki, wima juu ya ekseli, na umbali kati ya ekseli na alama hiyo hupimwa kwa milimita. Hicho ndicho kipimo cha kwanza.

Kipimo cha pili huchukuliwa pikipiki ikiwa imeshuka kwenye magurudumu yake, ikishikwa wima bila mtu juu yake na sanduku likiwa tupu. Cha tatu huchukuliwa mwendeshaji akiwa amekaa na kofia yake na nguo zake za kazi, miguu kwenye vikanyagio, sanduku likiwa na mzigo wa kawaida wa siku. Msaidizi mmoja hushika usukani, mwingine husoma utepe. Kabla ya kusoma, pikipiki hubonyezwa mara mbili tatu na kuachwa itulie yenyewe, kwani msuguano wa ndani ya shokapu unaweza kudanganya kwa milimita kadhaa.

Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu ndiyo mbonyeo wa kazi, na ndiyo nambari inayotafutwa. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba mbonyeo huo uwe kati ya robo na theluthi ya safari yote ya shokapu. Kwa pikipiki ambayo gurudumu lake la nyuma husafiri karibu milimita 100, maana yake ni milimita 25 hadi 33. Tuseme kipimo cha kwanza ni 520 na cha tatu ni 475: mbonyeo ni milimita 45, yaani karibu nusu ya safari imeliwa kabla ya tuta la kwanza. Pete zikipandishwa vidato viwili na kipimo kikawa 485, mbonyeo umeshuka hadi 35. Kidato kimoja zaidi, na kazi imekwisha.

Kipimo cha pili nacho kina kazi yake. Pikipiki isiyobeba mtu inapaswa kushuka kidogo kwa uzito wake wenyewe, angalau milimita chache. Ikiwa haishuki hata kidogo huku mbonyeo wa mzigo ukiwa sawa, springi ni laini mno na imebanwa kupita kiasi ili kuficha ulaini huo. Hapo ndipo ununuzi wa springi nzito zaidi unapokuwa na sababu.

Pete za pande zote mbili lazima ziwe kwenye kidato kimoja. Pikipiki yenye kidato cha pili kulia na cha nne kushoto hupinda mkono unaobeba gurudumu, hula tairi upande mmoja na kuvuta usukani, na mwenye nayo anaweza kutumia fedha nyingi kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Vidato vyenyewe husafishwa kwa burashi kabla ya kuzungushwa, kwa sababu mchanga wa Dubai huingia kila mahali, na pete iliyokwama ikilazimishwa huvunja meno yake au huteleza na kuumiza vidole.

Mruko na oili

Springi hubeba uzito. Oili iliyomo ndani ya shokapu hutuliza mruko. Pikipiki nyingi za kazi hazina kirungu cha kurekebisha utulizaji huo, kwa hiyo kinachowezekana ni kuukagua. Kiti hubonyezwa kwa nguvu kisha kuachiwa ghafla. Sehemu ya nyuma inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikipanda na kushuka mara mbili au tatu, au kukiwa na oili inayotiririka kwenye fimbo ya shokapu, basi shokapu imekufa, na hakuna kidato kitakachoifufua. Hubadilishwa zote mbili pamoja. Zile zenye chupa ya gesi pembeni hazifunguliwi nyumbani kamwe, kwani zimejazwa gesi kwa mgandamizo mkubwa.

Joto huharakisha uchakavu huo. Katika miezi ya kiangazi joto la Dubai hupita nyuzi 40 za Selsiasi kivulini, na oili yenye joto huwa nyepesi, hivyo hupita kwa urahisi katika matundu yaliyokusudiwa kuipunguza kasi. Pikipiki iliyoonekana imara asubuhi inaweza kuyumba alasiri.

Shokapu za mbele ni habari nyingine. Kwa pikipiki za aina hii, mara nyingi hazina pete ya kurekebisha. Zina springi na oili ndani ya kila mguu, na oili hiyo husahauliwa kwa miaka. Mtu anayezunguka kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hukaribia kilomita 20,000 ndani ya miezi mitano, umbali ambao mwendeshaji wa mwisho wa wiki huenda asiufikie kwa miaka kadhaa. Kwa mtu wa kwanza, kubadilisha oili ya shokapu za mbele si anasa. Kiasi cha oili na uzito wake hufuatwa kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, na miguu yote miwili hupewa kipimo sawa. Oili nzito kidogo hupunguza mruko, lakini haiinui pikipiki, na ikizidi uzito hulifanya gurudumu lirukeruke juu ya mabaka ya lami badala ya kuyafuata. Hii ni kazi ya gereji, pia kwa sababu oili chafu haina mahali pa kwenda katika jengo la ghorofa isipokuwa kwenye mitaro, na hapo haipaswi kwenda.

Kinachoweza kufanywa kila jioni ni kufuta mabomba ya mbele kwa kitambaa laini. Chembe ya mchanga inayobaki juu ya bomba huikata sili ya mpira, na oili inayovuja huteremka hadi kwenye diski ya breki. Mwendeshaji anayeona duara la unyevunyevu kwenye bomba anapaswa kulichukulia kama tatizo la breki, wala si la usafi.

Baada ya springi

Sehemu ya nyuma ikishainuliwa, mambo mengine matatu hupimwa upya, mwendeshaji akiwa amekaa na mzigo ukiwamo. Mnyororo huja kwanza, kwa kuwa ulegevu wake hubadilika gurudumu linapopanda na kushuka, na uliokazwa pikipiki ikiwa tupu unaweza kuvutika kupita kiasi inapobeba mzigo. Taa ya mbele hupimwa ukutani kutoka umbali wa mita 5, na mwanga wake mkuu uwe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe. Upepo wa tairi hupimwa asubuhi kabla ya safari, kwa sababu tairi lililokimbia kwenye lami ya moto huonyesha kipimo cha juu, na anayelipunguza hapo hubaki na tairi laini kesho yake. Kibandiko cha mtengenezaji kwenye mkono wa nyuma au kifuniko cha mnyororo huonyesha vipimo viwili, cha mtu mmoja na cha watu wawili. Kwa mwenye sanduku zito, cha pili ndicho kinachofaa.

Mambo hayo yakiwa sawa, fedha zinaweza kuanza kutumika: tairi nzuri za upana uleule wa kiwandani, vitambaa vya breki vya ubora, kisha springi. Kishikio cha simu chenye mpira wa kupunguza mtikisiko nacho kina thamani yake. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitahadharisha kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake, na simu kwa mpeleka chakula ndiyo ofisi.

Mpaka wa sheria na wa mwenye mali

Kuzungusha pete iliyowekwa na mtengenezaji si kubadilisha chombo. Kukata springi, kuchomelea vyuma kwenye fremu, au kugusa injini ili iongeze kasi ni jambo jingine. Uamuzi wa wizara nambari 178 wa mwaka 2017 uliweka faini ya dirham 1,000, alama 12 na kuzuiliwa kwa chombo siku 30 kwa anayebadilisha injini au fremu bila kibali. Dubai nayo, kwa amri nambari 30 ya mwaka 2023, iliweka dirham 10,000 kuwa gharama ya kukomboa chombo kilichobadilishwa ili kiongeze kasi au kelele. Tangu tarehe 29 Machi 2025 nchi hiyo ina sheria mpya ya shirikisho ya usafiri barabarani, na mwenye nia ya kubadilisha chochote kikubwa anapaswa kuuliza kwanza kituo cha ukaguzi.

Tangu tarehe 1 Novemba 2025, pia, pikipiki za kupeleka bidhaa Dubai haziruhusiwi katika njia mbili za mwendo kasi kwenye barabara zenye njia tano au zaidi kila upande, wala katika njia ya kushoto kabisa kwenye zenye njia tatu au nne. Hivyo pikipiki hizo hutembea karibu zaidi na malori na mabasi, ambako msukosuko wa upepo ni mkubwa na usukani mwepesi ni hatari zaidi. Kwa aliyezoea kuendesha upande wa kushoto nyumbani, kila kitu hapo kimegeuzwa: Falme za Kiarabu huendesha kulia.

Kuna pia suala la nani mwenye pikipiki. Pikipiki nyingi za kazi hiyo ni mali ya kampuni za wakala, na mwendeshaji hana haki ya kubadilisha kipuri bila idhini, ingawa kidato cha springi hakiachi alama yoyote. Hali hiyo haiko mbali na ile ya vijana wa Tanzania wanaoendesha kwa mkataba, wakimpelekea mwenye chombo hesabu hadi deni liishe. Mwezi Mei mwaka 2022, wapeleka chakula wa Deliveroo na baadaye wa Talabat waligoma mjini Dubai kwa sababu ya malipo. Katika kazi ambayo mapato yanahesabiwa kwa kila safari, siku moja ya pikipiki kulala gereji huonekana mara moja mfukoni.

Pikipiki ileile, barabara nyingine

Anayerudi nyumbani likizo atazikuta pikipiki za jamaa moja na zile za Dubai. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, Bajaj Boxer, TVS na nyinginezo zilienea kwa kasi, na utaratibu wa kupima springi zake hautofautiani na ule wa JLT. Kinachotofautiana ni mzigo. Sanduku la chakula halibadiliki sana kutoka safari hadi safari, lakini abiria wa bodaboda hupanda na kushuka, na wakati mwingine ni wawili wenye gunia. Mwavuli mkubwa unaofungwa mbele nao hushika upepo kama tanga la jahazi.

Kwa kazi hiyo, kidato kimoja hakitoshi kwa siku nzima, na hakuna atakayezungusha pete kila abiria anaposhuka. Wenye uzoefu hupima kwa mzigo wa mara kwa mara, si kwa ule mkubwa kuliko yote, na hukubali kwamba pikipiki itadundadunda kidogo inaporudi tupu kwenye barabara ya murram yenye mawimbi.

Baada ya wiki moja ya kazi vipimo vyote vitatu hurudiwa, kwa kuwa springi kuukuu huendelea kushuka. Ikiwa pete zimefika kidato cha tano na mbonyeo bado unazidi theluthi ya safari ya shokapu, ama springi zimechoka, ama sanduku limebebeshwa kuliko uwezo wa pikipiki. Uzito wa juu unaoruhusiwa umeandikwa katika kitabu chake, na ndani yake mwendeshaji mwenyewe amehesabiwa.